Upana wa kichwa cha mtoto umeniletea kesi nyumbani

SWALI

Shikamoo Mama Mkunga,

Nina mimba ya wiki 32, ya kwanza. Nakuandikia usiku, mwenzangu amelala, au anajifanya amelala, maana siku hizi hatusemeshani zaidi ya "umefunga mlango?" na "zima taa".

Juzi nilienda kupigwa ultrasaundi ya tatu. Ya kwanza nilipigwa wiki ya 9. Kwenye karatasi yake wameandika mtoto ana urefu wa milimita 23. Ya pili ilikuwa wiki ya 20, wakamwangalia ubongo, moyo na uti wa mgongo, wakasema yuko salama. Hii ya juzi daktari aliitaka kwa sababu alipopapasa tumbo alihisi kichwa kiko juu. Kweli, mtoto ametanguliza makalio. Aliyenipima alikuwa na foleni ndefu, akanipa majibu akasema nimpelekee daktari wiki ijayo.

Nakunakilia kama yalivyo. BPD milimita 74, wiki 29 na siku 5. OFD milimita 108. HC milimita 294, wiki 32 na siku 3. AC milimita 275, wiki 31 na siku 4. FL milimita 61, wiki 31 na siku 5. CI 68.5. Maji ya uzazi yanatosha, sehemu yenye kina kuliko zote ni sentimita 4.6. Chini kabisa: umbo la kichwa, dolikosefali.

Hilo neno la mwisho nililitafuta kwenye simu, nikakutana na picha za watoto waliopasuliwa fuvu. Sikulala.

Kosa langu jingine ni kumwonyesha wifi. Yeye anafanya kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, nikadhani atanituliza. Akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza, akaomba kalenda. Mume wangu alisafiri kikazi wiki 29 zilizopita akakaa huko miezi miwili. Wifi akamwambia kaka yake, mimi sipo, kwamba kichwa ndicho kipimo kisichodanganya, na kichwa kinasema mtoto alitungwa yeye akiwa safarini. Mama mkwe naye akaongeza lake: mtoto mwenye kichwa kirefu huwa mzito wa akili.

Mume hajanituhumu kwa kinywa chake. Aliniuliza tu, "Kwani mimba ina wiki ngapi hasa?" Nilijibu, lakini sauti ilinitetemeka kana kwamba nina hatia.

Nisaidie mama. Kichwa cha mwanangu kina kasoro? Kwa nini karatasi moja inataja umri wa mimba unaotofautiana kwa karibu wiki tatu? Na tarehe ya kujifungua iliyoandikwa kwenye kadi ibadilishwe?

Ni mimi mwanao,
Mzazi Mtarajiwa

JIBU

Marahaba mwanangu.

Nimesoma vipimo vyako mara mbili, kisha nikachukua kikokotoo. Kwanza pumua. Mimba yako ni ya wiki 32, na katika hivyo ulivyoninakilia sijaona ugonjwa. Nimeona kichwa chenye ukubwa unaostahili kwa umri wake, ila kimebanwa pande mbili kikawa chembamba na kirefu. Tofauti kati ya ukubwa na umbo ndiyo iliyompotosha wifi yako, na si yeye wa kwanza. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeona hata wauguzi wakiteleza hapo hapo.

Zile herufi zina maana nyepesi. BPD ni upana wa kichwa, kutoka mfupa wa juu ya sikio moja hadi wa upande wa pili. OFD ni urefu wake, kutoka paji la uso hadi kisogoni. HC ni mzunguko mzima wa fuvu, AC ni mzunguko wa tumbo, FL ni mfupa wa paja. CI haipimwi, hukokotolewa kwa kugawa upana kwa urefu na kuzidisha kwa 100. Chukua simu yako: 74 gawa kwa 108, zidisha kwa 100. Unapata 68.5, ileile iliyoandikwa.

Namba hiyo inaeleza umbo tu. Kichwa kingekuwa duara kamili, ingekuwa 100. Vichwa vya watoto tumboni kwa kawaida vina umbo la yai, na wastani wake ni 78 hivi. Mwaka 1981 Frank Hadlock na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wao juu ya jambo hili, na tangu hapo mpaka wa kawaida unaotumika sana ni 70 hadi 86. Chini ya 70 kichwa huitwa dolikosefali, maana yake kichwa kirefu, basi. Juu ya 86 ni brakisefali, kichwa kifupi na kipana. Wewe umepita mpaka kwa pointi moja na nusu. Na neno lenyewe, pamoja na ukali wake masikioni, ni la kueleza sura. Ni kama kusema mtu ana miguu mirefu.

Sasa tuje kwenye kesi. Chukua mkufu wa ushanga, ulaze mezani uwe duara. Ubane pande mbili kwa viganja. Upana umepungua, urefu umeongezeka, lakini hesabu shanga: hakuna hata moja iliyopotea. Mkufu ni ule ule. Kichwa cha mwanao kimefanyiwa hivyo hivyo. Anayepima upana peke yake ataona kichwa kidogo cha wiki 29. Anayepima mzunguko, yaani anayehesabu shanga, ataona kichwa cha wiki 32. Ndiyo maana HC yako inasema wiki 32 na siku 3 huku BPD ikisema 29 na siku 5, kwenye kichwa kimoja, dakika moja, mpimaji mmoja.

Nilitaka kujiridhisha kwamba mpimaji hakuteleza mkono, basi nikajumlisha 74 na 108, nikazidisha kwa 1.62, kanuni ya zamani ya kukisia mzunguko. Nilipata karibu 295. Yeye aliandika 294. Vipimo vyake vinaafikiana. Halafu ipo hesabu ya kuusahihisha upana kwa ajili ya umbo: zidisha 74 kwa 108, gawa kwa 1.265, tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni milimita 79 na nusu. Huo ndio upana ambao kichwa hiki kingekuwa nao kama kisingebanwa, na ukiutazama kwenye jedwali la umri unaangukia wiki ya 32, pungufu ya siku moja au mbili. Tumbo linasema 31 na siku 4, paja 31 na siku 5. Kati ya mashahidi wote, anayepingana na wenzake ni upana tu, na tunajua kwa nini anapingana.

Utaniuliza, kama upana unapotosha hivi, mbona ndio unaoandikwa wa kwanza? Ni mazoea ya kihistoria. Daktari Ian Donald na wenzake mjini Glasgow walipoanza kupima vichwa vya watoto tumboni, miaka ya 1960, mashine zao hazikuchora sura kama za leo. Sauti ilikuwa inagonga fuvu upande mmoja, inarudi, inagonga upande wa pili, inarudi. Unapima nafasi kati ya miangwi miwili. Kilichopimika kwa urahisi ni upana, na upana ukakaa kwenye kiti cha mbele mpaka leo. Miongozo ya sasa ya upimaji inasema mama akichelewa kuja na urefu wa kijusi ukazidi milimita 84, umri ukadiriwe kwa mzunguko wa kichwa, kwa sababu mzunguko hausumbuliwi sana na umbo.

Kwa nini kichwa kimebanwa? Jibu limo kwenye barua yako: ametanguliza makalio. Mtoto aliyeketi hivyo kichwa chake kinakaa juu, chini ya mbavu zako, kikiegemea ukuta wa mfuko wa uzazi, na hakuna kitu cha kawaida kwa watoto hao kama kichwa kirefu. Mifupa ya fuvu lake bado ni laini na haijaungana. Imeachana kwa mishono na utosi, makusudi, ili iweze kupandana wakati wa kuzaliwa na ili ubongo uwe na nafasi ya kukua. Kitu kinachoweza kupandana kinaweza pia kubanwa. Sababu nyingine za umbo hili ni maji kupungua au chupa kupasuka mapema, mapacha wanaogombania nafasi, au faibroidi kubwa, yaani uvimbe wa mfuko wa uzazi, inayosukuma. Maji yako ni sentimita 4.6, na sehemu yenye kina zaidi ikiwa kati ya 2 na 8 hatuna neno. Mtoto ni mmoja. Uvimbe haukutajwa.

Siwezi kukuficha kwamba lipo tatizo la kweli linalofanana na hili, ndilo uliloliona kwenye picha za simu. Mishono ya fuvu ikifunga kabla ya wakati, kichwa hukua upande mmoja tu na kuwa kirefu au kupinda. Hutokea kwa takriban mtoto mmoja katika kila watoto 2,000 hadi 2,500. Ultrasaundi ya tumboni mara nyingi haiuoni mshono uliofunga, kwa hiyo hata ukipimwa kila wiki kuanzia leo hutapata jibu la uhakika huko. Jibu litapatikana kwa vidole: baada ya kujifungua, mkunga au daktari wa watoto atapapasa mishono na utosi. Kichwa kilichorefuka kwa sababu ya ulalo tu huanza kujirudi chenyewe ndani ya majuma. Mshono uliofunga haujirudi, na huacha ukingo mgumu unaoushika. Mwambie atakayempokea mtoto aangalie hilo. Itamchukua dakika moja. Na asitokee mtu wa kukikandamiza kichwa hicho kwa mikono ili kukiweka sawa. Hakihitaji.

Kuhusu mama mkwe, mheshimu, mpe kiti, lakini hilo la akili usilibebe. Uwiano huu wa kichwa, ile CI, ulibuniwa miaka ya 1840 na Msweden mmoja, Anders Retzius, aliyetaka kuyagawa mataifa kwa mafuvu, na wengine waliomfuata wakaugeuza kuwa mizani ya kusema nani bora, nani duni. Mwanaanthropolojia Franz Boas kule Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, alipima maelfu ya wahamiaji na watoto wao akaona umbo la kichwa linabadilika kizazi kwa kizazi kufuata mazingira. Basi mama mkwe ana wenzake wasomi waliokosea kama yeye. Urefu wa kichwa cha mtoto aliyebanwa mbavuni haumwelezi mtu chochote kuhusu akili.

Turudi kwa wifi na kalenda yake, kwa maana hapa ndipo moyo wako ulipo. Wiki za mimba zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, karibu wiki mbili kabla mimba haijatungwa. Ukiwa na wiki 32, mimba ilitungwa kama wiki 30 zilizopita. Mume aliondoka wiki 29 zilizopita. Alikuwa nyumbani.

Wifi atasema hiyo ni hesabu yako wewe. Sawa, tumpe yake. Tuseme BPD ina haki na mimba leo ni ya wiki 29 na siku 5. Ultrasaundi ya kwanza ulipigwa wiki 23 zilizopita. Kwa hesabu ya wifi, siku ile mimba ilikuwa ya wiki 6 na siku 5, na kijusi cha umri huo kina urefu wa milimita 8 hivi. Wewe kilipimwa kikawa milimita 23, ambao ni urefu wa wiki ya 9. Mtoto wa milimita 8 hapimwi akawa 23, hata mpimaji awe amesinzia. Hesabu ya wifi imekufa pale pale.

Na ndiyo sababu tunaipa picha ya kwanza uzito kuliko zote. Mwanzoni watoto wote wanakua kwa mwendo unaokaribiana sana, kiasi kwamba kipimo cha utosi hadi makalio hukosea kwa siku tano au saba. Baada ya wiki ya 28 kila mtoto ana mwili wake na ulalo wake, na kipimo kinaweza kupishana na umri halisi kwa wiki tatu. Ultrasaundi ya juzi haikufanywa ili kujua umri. Ilifanywa kuangalia mtoto anakuaje na amekaaje, na vyote viwili imevijibu. Kumjua baba si kazi ya mashine hii, wala haijawahi kuwa.

Mumeo usimwendee ukijitetea. Mtu anayejitetea sana huonekana ana la kuficha, na wewe huna. Mwambie tu siku ya kwenda kwa daktari mwende wote, ubebe karatasi ya wiki ya 9 na hii ya juzi. Mwache yeye mwenyewe aulize lile swali lake, "mimba ina wiki ngapi hasa?", na aambiwe na mtu asiyelala naye chumba kimoja. Mkitoka hapo, kazi ya kuzungumza na dada yake ni ya mumeo. Si yako. Wewe usikanyage kikao chochote cha ukoo kuhusu tumbo lako, na karatasi za hospitali zisitoke tena kwenye mkoba wako kwenda kwa ndugu.

Na wewe baba, kama ameacha hii wazi ukaisoma: swali lako halikuwa baya, ila ulilipokea kutoka kwa dada yako badala ya kulipeleka kwa daktari. Mkeo ana wiki nane mbele yake, mtoto amekaa kitako, na hapati usingizi. Anza na hilo.

Mkiwa kwa daktari, ombeni aitazame picha yenyewe ya kichwa, asisome namba tu. Picha nzuri ya kupimia inaonyesha mstari wa katikati ya ubongo, thalamasi mbili, viini vya ndani ya ubongo, zimekaa kando yake, na kijichumba chenye maji upande wa mbele. Serebelamu, ubongo mdogo wa nyuma, haitakiwi kuonekana. Mtoto akiwa ameinamisha kichwa, picha inakatika kwa mshazari na upana unapungua bila sababu. Muulizeni pia alama za kupimia ziliwekwa wapi. Vituo vingine hupima kutoka nje ya mfupa wa karibu hadi ndani ya mfupa wa mbali, vingine nje kwa nje, na unene huo wa mfupa peke yake hula milimita mbili tatu. Kama atataka kipimo kingine baada ya wiki tatu au nne, mkubali. Hapo tutaangalia mzunguko wa kichwa na wa tumbo vinaendelea kupanda kwenye mstari wao. Mstari huo una maana kuliko namba ya siku moja. Na makadirio ya uzito yafanywe kwa kanuni inayotumia mzunguko badala ya upana, la sivyo utaambiwa mtoto ni mdogo na hofu ianze upya.

Ukaaji wake usikutishe bado. Wiki ya 28 karibu robo ya watoto wamekaa hivyo. Mimba ikitimia wanabaki watatu au wanne katika mia. Akifika wiki ya 36 bado ameketi, muulize daktari kama unafaa kugeuziwa mtoto kwa mikono juu ya tumbo, na mpange mapema njia ya kujifungua. Lakini ukiona maji yanavuja, hata kidogo, au mtoto amepunguza kucheza, usisubiri miadi. Nenda siku hiyo hiyo.

Umeuliza kama tarehe ya kwenye kadi ibadilishwe. Isiguswe. Akitokea wa kutaka kuifuta, hata akiwa amevaa koti jeupe, mwonyeshe kwanza karatasi ya wiki ya 9.

Mama Mkunga